Boti Ileile, Maji Mengine

Chukua boti ya faiba iliyozoea kuruka juu ya maji ya Mtwapa, ipakie kwenye lori, kaishushe Naivasha. Injini ni ileile, petroli ni ileile, abiria hawajaongezeka hata mmoja. Lakini mwenyewe akifungua mafuta yote, omo inabaki juu, tezi imedidimia, na boti inasukuma maji kama jahazi lenye shehena. Anampigia fundi simu kuuliza habari za plagi na kabureta. Fundi anayejua kazi yake atamrudishia swali moja: umebadilisha propela?

Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 inazopanda. Kwa hesabu hiyo, karibu moja ya tano ya nguvu imebaki pwani. Hata Kisumu, kwenye Ziwa Viktoria lililo mita 1,134 hivi, upungufu hufika asilimia 11. Rafadha, ambayo mafundi huiita propela na wengine pangaboi, haina habari na hayo. Inadai kusukumwa kwa nguvu zilezile za Mombasa.

Kila rafadha hujitambulisha kwa namba mbili, aghalabu zimepigwa mhuri kwenye kitovu chake. Ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga. Ya pili ni pichi, na hapo ndipo wengi hupotea. Fikiria skrubu inayoingia kwenye ubao: kila ikizunguka mara moja, husonga mbele kiasi fulani. Rafadha ya pichi 13 ingesonga inchi 13, kama sentimeta 33, kwa kila mzunguko, lau maji yangekuwa ubao. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika na gia yake ikipunguza mizunguko hiyo kwa nusu, rafadha hiyo ingepaswa kwenda karibu kilomita 50 kwa saa. Maji huteleza, basi ukitoa asilimia 15 ya utelezi zinabaki kama 42. Boti nzito hupoteza zaidi.

Wa kwanza kushangazwa na skrubu hii hakuwa mhandisi. Francis Pettit Smith, mkulima wa Uingereza, alisajili rafadha yake mwaka 1836. Ilikuwa ya mbao, imejiviringa mara mbili kama skrubu ndefu. Mwaka uliofuata, wakati wa majaribio kwenye mfereji mmoja jijini London, ilivunjika ikabaki nusu. Badala ya kusimama, boti ikaongeza kasi.

Rafadha inayofaa huchaguliwa kwa mita ya mizunguko, kifaa ambacho boti nyingi ndogo hazina. Kitabu cha injini hutaja kiwango inachopaswa kufikia mafuta yakiwa yamefunguliwa yote. Tuseme kati ya 5,000 na 6,000. Boti ijazwe mzigo wake wa kawaida, ipelekwe mahali penye nafasi, ikimbizwe, na mshale utazamwe. Ukigota 4,700, pichi ni kubwa mno: injini inabeba mzigo usio wake, inapata joto, inajaza masizi. Ukipita 6,000, pichi ni ndogo na injini inajichosha bure. Kila inchi moja ya pichi hubadili mizunguko 150 hadi 200, kwa hiyo boti yetu ya Naivasha ikishuka kutoka pichi 13 hadi 11 itapata 300 au 400 zaidi na kuingia ndani ya kiwango. Kasi yote ya Mtwapa haitarudi, ila injini itapumua.

Pana ubishi usiokwisha kuhusu alumini na chuma kisichoshika kutu. Chuma ni kigumu, mapanga yake ni membamba na hayapindi yakisukuma, hivyo boti hupata kasi kidogo. Bei yake nayo si ya mchezo. Kwa anayepita kati ya miamba ya matumbawe kwenda kuogelea Jumapili, alumini ina akili zaidi: ikigonga mwamba hupinda yenyewe, ilhali chuma huweza kupeleka kishindo hadi kwenye gia, na gia haipatikani kwa bei ya rafadha.

Rafadha nyingi zina mpira ndani ya kitovu unaokubali kuteleza zinapogonga kitu. Mpira huo ukichoka, injini hunguruma na boti haiendi. Ili kuukagua, chora mstari mmoja unaovuka kutoka bomba la ndani hadi kitovu cha nje. Ukirudi matembezini ukauona umeachana, mpira umekwisha.

Adui mkubwa zaidi ni mwembamba: mshipi wa nailoni. Hujizungusha nyuma ya rafadha, hukata sili ya shafti, maji yakaingia kwenye gia. Oili ikitoka na rangi ya maziwa, ndiyo dalili. Huko ziwani gugumaji nalo hujisokota, tena huziba tundu la maji ya kupoozea injini. Kwa hiyo rafadha ivuliwe kila baada ya muda, shafti isafishwe na kupakwa grisi, pini ya zamani itupwe na mpya ifungwe. Ufunguo uchomolewe kabla mkono haujagusa panga. Kile kipande cha zinki kinachokubali kuliwa na chumvi badala ya injini hakifai sana kwenye maji baridi. Naivasha kinatakiwa cha magnesi.

Na ile rafadha ya pichi 13 isiuzwe. Boti ikirudi Mtwapa, irudishwe mahali pake kabla ya safari ya kwanza, kwa sababu kwenye hewa nzito ya pwani injini hiyohiyo inaweza kuizungusha ile ya 11 hadi kupita kiwango.