Korosho za Newala na Kumbukumbu za Wazee

Siku hizi husemwa kwamba atafunaye korosho huchangamka, tena hasahau hata akizeeka. Maneno hayo ni matamu kwa masikio ya wakulima wa Newala na Masasi, nasi tungependa yawe kweli.

Kiini chake ni kemikali iitwayo serotonini, ambayo mishipa ya fahamu huitumia kupelekeana habari. Mwili huiunda kutokana na triptofani, nayo imo katika korosho. Lakini yapata asilimia 90 ya serotonini yote hukaa tumboni, wala haivuki kuingia ubongoni. Triptofani ndiyo ivukayo, tena kwa kugombea mlango na viini vingine vya protini. Konzi ya korosho, basi, si dawa ya usahaulifu, ingawa ni chakula bora.

Wasomaji wetu wa visiwani watapenda kujua kwamba elimu kubwa ya jambo hili imetoka baharini. Mtaalamu Eric Kandel wa Marekani, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alimchunguza konokono wa baharini mwenye mishipa ya fahamu minene. Ilionekana kwamba serotonini ikitiwa mara moja penye viungo vya mishipa hiyo, nguvu yake hudumu dakika chache tu. Ikirudiwa mara tano, hudumu siku nzima na zaidi, na viungo vipya huota. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walieleza kwamba vibebeo vya serotonini vimepungua katika bongo za wazee walioanza kusahau.

Nchini kwetu, uchunguzi wa wilayani Hai uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 70 au zaidi, yapata 6 wana maradhi ya kupotewa na akili ya uzeeni. Hai si Newala, lakini uzee hauna wilaya.

Mzee aipoteaye njia ya shamba lake mwenyewe huambiwa amerogwa. Mwingine, maskini, huambiwa ndiye mchawi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza. Twawaomba viongozi wahusika watazame kama mhudumu wa zahanati amefundishwa kuipima kumbukumbu. Usahaulifu mwingine hutokana na huzuni, ukosefu wa vitamini B12 au ugonjwa wa tezi, na huo hutibika. Kipimo cha kwanza ni maswali machache tu, wala hakihitaji umeme.