MAZOEZI NI DAWA YA MZEE MWENYE MARADHI YA MAPAFU



 Safari hii tumeona tuzungumzie jambo lililomo ndani ya nyumba nyingi hapa Utete, nalo ni wazee wetu wanaohema.

Kila mmoja wetu anamjua mzee wa namna hii. Zamani alilima mpunga bondeni na kupiga kasia mtoni. Leo akitoka nyumbani kwenda msikitini husimama mara tatu njiani, mkono umeshika ukuta, mabega yanapanda na kushuka. Mwishowe haji tena, adhana anaisikia akiwa barazani kwake. Analazwa hospitali, anatoka, na baada ya miezi michache analazwa tena. Na sisi wajukuu, kwa mapenzi, tunamwambia: "Kaa babu, usijichoshe." Maji tunamletea, mkeka tunamtandikia, hata kandambili tunamvisha.

Ndugu msomaji, mapenzi hayo ni mazuri, lakini yakizidi yanamdhoofisha mzee.

MARADHI HAYA YANATOKA WAPI?

Wapo wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, wapo wenye pumu ya miaka mingi, na wapo waliopona kifua kikuu lakini mapafu yakabaki na makovu. Sigara ni sababu kubwa. Lakini wako bibi zetu ambao hawajawahi kugusa sigara maishani mwao, na bado wanahema. Hao wamevuta moshi wa kuni, makumbi na vifuu jikoni kwa miaka hamsini, na wengine moshi wa kubanika samaki au wa tanuri la mkaa.

Jambo hili limepimwa katika pwani yetu ya kusini. Katika kata ya Dihimba, Mtwara Vijijini, watafiti waliwapima watu wa miaka 35 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa asilimia 17.5 ya waliopimwa pumzi walikuwa na ugonjwa huu wa kuziba njia za hewa, na karibu watu wote katika uchunguzi ule walikuwa wakiishi na moshi wa kuni au mkaa.

KWA NINI KUKAA TU KUNADHURU?

Mzee akitembea anahema. Kwa kuwa anaogopa kuhema, anakaa. Akikaa wiki na miezi, misuli ya mapaja na miguu inanyauka. Misuli dhaifu inachoka haraka na kudai pumzi nyingi hata kwa kazi ndogo. Kwa hiyo safari ijayo atahema zaidi kwa hatua chache zaidi, naye ataogopa zaidi na kukaa zaidi. Mwisho wake ni kitandani.

Hapa ndipo tiba inapoingia. Madaktari huiita tiba utengamao ya mapafu. Tusidanganyane, mazoezi hayarudishi pafu lililokwisha haribika. Kinachobadilika ni misuli. Mguu wenye nguvu hutumia hewa vizuri zaidi, basi pafu lile lile bovu linatosha kwa safari ndefu kuliko mwanzo.

Mwaka 2015 wataalamu walikusanya tafiti 65 za tiba hii, zenye wagonjwa 3,822 wa ugonjwa wa kuziba njia za hewa. Walikuta kwamba waliofanya mazoezi walihema kidogo zaidi, walitembea mbali zaidi na waliishi kwa raha zaidi. Kwa majirani zetu wa Uganda, tiba hii ilijaribiwa Kampala kwa watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu. Walifanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kuwa waliweza kutembea mbali kuliko walivyoanza.

TIBA YENYEWE IKOJE?

Kwanza mgonjwa hupimwa na daktari. Kisha, mahali penye njia tambarare ya mita 30, hutembea kwa dakika sita na umbali wake huandikwa. Baadaye hupimwa tena ili ijulikane kama amepiga hatua. Kwa kawaida tiba huchukua wiki sita hadi kumi na mbili, nayo ina mambo haya:

1. Kutembea. Mzee atembee mpaka ahemee kiasi, apumzike, kisha aendelee. Kipimo chepesi ni kwamba aweze kusema maneno machache, lakini asiweze kusoma qaswida. Akiweza kusoma qaswida, mwendo ni mdogo mno. Asipoweza kusema kabisa, amezidisha.

2. Kutia nguvu misuli. Ainuke kwenye kiti na kukaa tena mara kadhaa bila kushika. Anyanyue chupa ndogo za maji kwa mikono.

3. Kupumua kwa utaratibu. Avute pumzi kwa pua, kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza uji wa moto. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Hewa iliyonaswa ndani ya mapafu hupata nafasi ya kutoka.

4. Elimu. Afundishwe kutoa makohozi bila kujichosha, kula vizuri, na kutumia sawasawa pampu ya dawa ambayo wengi huiita inhela. Wengi wanayo, lakini dawa inaishia mdomoni kwa sababu hawakuonyeshwa namna ya kuivuta.

Aliyelazwa kwa sababu ya ugonjwa huu asisubiri miezi. Kuanza mazoezi ndani ya wiki chache baada ya kutoka wodini hupunguza uwezekano wa kurudi kulazwa. Kwa hiyo siku ya ruhusa tumuulize daktari au mtaalamu wa fiziotherapia: "Mzee wetu afanye mazoezi gani, na kwa kiasi gani?"

SISI TUFANYE NINI NYUMBANI?

Uchunguzi uliofanywa Australia, na kutolewa mwaka 2017, ulionyesha kuwa wagonjwa waliofanya mazoezi nyumbani kwa kuelekezwa na wataalamu walinufaika kama waliofanya hospitalini. Hii ni habari njema kwetu, maana kinachotakiwa ni kiti imara, njia tambarare na mtu wa kufuatana naye. Mtu huyo ni wewe mwanafunzi.

Baada ya alasiri, jua likipungua, mchukue babu mkatembee. Mhesabu minazi mnayoipita na kuandika kwenye daftari. Wiki hii minazi mitano, wiki ijayo sita. Akisema ngoja, mngoje bila kumharakisha. Bibi naye apikiwe nje au jikoni penye madirisha, na kuni ziwe kavu. Anayevuta sigara nyumbani asaidiwe kuiacha.

Wengine watauliza, mbona mgonjwa ameruhusiwa kuswali kwa kukaa? Naam, asiyeweza kusimama ana rukhsa, nayo ni rehema. Lakini rukhsa ya kukaa katika swala si amri ya kukaa kutwa nzima. Na mwezi wa Ramadhani unapokaribia, mgonjwa asijiamulie kuacha dawa. Amuulize daktari wake na sheikh wake mapema.

TAHADHARI

Mazoezi yasimamishwe mara moja akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au midomo na kucha zikigeuka rangi ya samawati, naye apelekwe hospitali. Vile vile awahishwe akiwa na homa, au makohozi yakiongezeka na kubadilika rangi. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kwanza kifua kikuu. Vipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

MWISHO

Ndugu zetu, hatuwaahidi kwamba mzee wa miaka sabini atarudi kupiga kasia. Lakini aliyekuwa akisimama mara tatu njiani akisimama mara moja tu, atakuwa amerudi katika safu ya msikiti na katika mazungumzo ya wenzake. Kwa hiyo leo babu akiomba maji, usikimbilie kumletea. Mpe mkono, mwende pamoja mtungini.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape afya wazee wetu na atujaalie kuwahudumia kwa elimu na subira. Amin.