Mfupa wa Ng'ombe Katika Mwili wa Binadamu

Mfupa uliovunjika huunga wenyewe pengo likiwa dogo na vipande vikitulia. Pengo likiwa kubwa, kama baada ya ajali mbaya ya bodaboda au uvimbe kukatwa tayani, seli zinazojenga mfupa hukosa pa kushika. Katika hospitali yoyote ya rufaa, ikiwamo KCMC ya Moshi, tiba inayoaminika zaidi ni kumega mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Lakini hilo huacha jeraha la pili, na nyonga haitoshi kila mara. Hapo ndipo mfupa wa mnyama unapohitajika.

Mfupa wa ng'ombe ni madini ya kalsiamu na fosfati yaliyoshikana na nyuzi za kolajeni. Ukichomwa kwa joto kali, protini ambazo mwili ungezikataa huteketea. Hubaki madini yenye vitundu, na mishipa ya damu ya mgonjwa hupenya humo. Kipandikizi hiki ni kiunzi tu. Hakiamshi mfupa, hungoja ule wa jirani usogee. Joto likizidi, madini hukomaa na mwili huchelewa mno kuyamung'unya.

Mafundi wa mkaa wa mifupa wanaujua ugumu huo wa moto. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, mifupa ya ng'ombe huchomwa ili ichuje floraidi, ambayo kwenye maji ya ukanda wa Meru na Kilimanjaro hutia meno rangi ya kahawia. Usipoiva, mkaa huo huyapa maji harufu. Ukiungua kupita kiasi, haunasi floraidi vizuri.

Marshall Urist, daktari wa mifupa wa Los Angeles, alishika njia iliyo kinyume na ya kuchoma. Mwaka 1965 alieleza jinsi alivyoyeyusha madini ya mfupa kwa asidi, akabakiza protini, kisha akaupandikiza mfupa huo ndani ya msuli wa mnyama. Mfupa mpya ukaota pasipo mfupa. Dentini ya jino, ikitayarishwa hivyo, nayo ilichochea mfupa kuota. Mwaka 1971 kichocheo chenyewe kikapewa jina: protini ya kuunda mfupa.

Si kila ng'ombe anafaa kutoa mfupa wa kupandikiza. Yule wa zizi la Kibosho anayelishwa migomba anaweza kuwa mzima kabisa, ila watengenezaji hutaka kundi lenye historia inayojulikana, hasa kwa hofu ya ugonjwa wa ng'ombe kichaa. Vipo pia vipandikizi vya nguruwe, kwa hiyo mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuambiwa asili ya kipandikizi kabla ya kutia saini.