Donge la Ngano na Donge la Muhogo

Haya wajukuu zangu, nawieni mikono, leo mtakanda.

Wewe chukua unga wa ngano, huu wa chapati. Wewe chukua wa muhogo. Tieni maji kidogo, kandeni hadi kila mmoja apate donge. Sasa litumbukizeni kwenye bakuli la maji, mlifinyefinye taratibu kama mnafua leso.

Mnaona? La muhogo limesambaratika, maji yamekuwa meupe kama tui, mkononi hamna kitu. La ngano nalo limetoa weupe wake, ila kimebaki kipande cha kijivujivu kinachovutika kama mpira. Hiyo ndiyo gluteni, neno la Kilatini lenye maana ya gundi. Ndiyo inayofanya chapati isukumike bila kukatika, na mkate uumuke.

Wapo watu wachache ambao matumbo yao hayapatani nayo. Ndani ya utumbo mna vijidole vidogo mno, kazi yake kufyonza chakula. Kwa mgonjwa wa seliaki, gluteni ikifika, askari wa mwili wake mwenyewe huvishambulia vijidole hivyo hadi vikalala. Mtoto anakula lakini anaharisha, hanenepi, damu inapungua.

Willem Dicke, daktari wa watoto huko Uholanzi, aliishuku ngano tangu miaka ya 1930. Baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, vita vikiwa vimepamba moto, njaa iliingia na mkate ukaadimika. Wagonjwa wake wa seliaki wakapata nafuu! Mkate uliporudi, maradhi nayo yakarudi. Mpaka leo tiba ni hiyo: kuacha ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, maisha yote.

Basi angalieni mlo wa huku kwetu Kasulu na Kibondo. Ugali wa muhogo au wa mahindi, maharage, ndizi, dagaa wa Ziwa Tanganyika, mawese. Ngano haimo hata punje. Mtaniuliza, mbona ugali wa muhogo unanata? Huo ni wanga ulioiva. Donge lenyewe mmeliona lilivyosambaratika. Ila muhogo mchungu una sumu, ndiyo maana bibi zenu huuloweka siku kadhaa kisha wakauanika. Tena peke yake haujengi mwili, lazima maharage yawepo.

Taabu ni asubuhi, chai inapokuja na andazi. Mtoto mwenye seliaki mpeni kiazi kitamu au ndizi ya kuchemsha. Msimkaangie muhogo kwenye mafuta yaliyokaanga maandazi, kwani chembe ndogo tu ya ngano inamuumiza.

Na asiyeumwa ale chapati yake kwa raha. Anayejishuku aende hospitali kabla hajaacha ngano, kwa sababu kipimo cha damu hutafuta alama za vita vile vya tumboni. Akiiacha mapema, alama zinafifia na daktari haoni kitu.

Haya, mwageni maji hayo, mnawe tena. Maji ya ugali yamechemka.