SUKARI YA ASUBUHI YATOKA WAPI?



Muhula uliopita mimi, mwalimu wenu wa Biolojia, nilijikuta nimekuwa mwanafunzi. Nilipimwa damu asubuhi kabla sijala kitu, na sukari ikaonekana ni milimoli 6.4 kwa lita. "Mwalimu," daktari aliniambia, "hujawa mgonjwa wa kisukari, lakini umefika mlangoni." Marehemu baba yangu alikatwa mguu kwa maradhi hayo. Usiku ule sikupata usingizi.

Hapo nikafanya kosa. Nilidhani sukari ya asubuhi ni mabaki ya chakula cha usiku, basi nikaacha kula jioni. Mama watoto akiandaa ugali na mchicha, mimi nanywa maji tu. Baada ya siku tatu nikapima kwa tone la damu ya kidole: 6.6! Mke wangu akasema, "Baba watoto, njaa si dawa." Ikanibidi nirudi vitabuni.

Naam, ini letu ni kama ghala. Tukila, sehemu ya sukari huwekwa humo kwa namna ya glaikojeni. Usiku ubongo bado wahitaji sukari, kwa hiyo ini huitoa kidogo kidogo. Ghala likipungua, ini huweza kutengeneza sukari nyingine. Ndiyo sababu nilifunga bure.

Kuelekea alfajiri, tangu kama saa tisa usiku hadi saa mbili asubuhi, mwili hujiandaa kuamka. Homoni kama kortiso na ile ya ukuaji huongezeka, na ini hutoa sukari zaidi. Kwa mtu mwenye afya, kongosho hutoa insulini, nayo ni kama bawabu wa ghala: huliambia ini, "Imetosha." Kwa mtu wa hali yangu mwili umekuwa mzito wa kumsikia bawabu huyo, na sukari huendelea kutoka.

Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, kabla ya kula, milimoli 6.1 hadi 6.9 ni hali ya kukaribia kisukari, 7.0 na zaidi, ikithibitishwa kwa kupima tena, ni kisukari chenyewe.

Je, tufanyeje? Hapana budi kumsaidia bawabu asikike. Kwanza, mwili utembee, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huchukua sukari katika damu. Pili, mwenye uzito uliozidi aupunguze. Katika uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2002, watu wa hali hii walipewa shabaha ya kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wale ambao hawakupewa mafunzo hayo wala dawa. Tatu, tulale vya kutosha.

Mimi sasa nala saa moja jioni: nusu ya sahani mboga za majani, robo maharage au samaki, robo ugali. Kisha natembea nusu saa na mke wangu. Chai nanywa bila sukari. Juma la kwanza ilikuwa chungu, sasa nimeizoea. Baada ya miezi mitatu kipimo kilikuwa 5.9. Sisemi nimeshinda, maana hupanda na kushuka. Lakini sikati tamaa kwa asubuhi moja mbaya.

Nawaonya jambo moja: mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asiache kula wala asibadili dawa bila kumwuliza daktari, kwani sukari yaweza kushuka hata akazimia.

Wanafunzi wangu, mkirudi nyumbani likizo, waulizeni wazee wenu kwa adabu kama wamepata kupimwa. Baba yangu hakupimwa mpaka kidonda kilipokataa kupona. Mimi nimebahatika kuambiwa ningali mlangoni, na mlangoni mtu aweza kugeuka.