Uchotara wa samaki: Hujenga spishi, pia huzimeza

KWA mfugaji wa samaki wa Matinyani, Kaunti ya Kitui, tilapia ni tilapia. Anachotazama ni uzito wake siku ya kuvua. Hata hivyo, jina hilo moja hubeba spishi kadhaa, na nyingi kati yazo huweza kuzaana. Uzao wao huitwa chotara.

Je, uchotara hujenga spishi au huziangamiza? Maziwa ya Afrika yanatoa majibu mawili.

La kwanza liko Ziwa Victoria. Ziwa hilo lilikauka, kisha likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Katika muda huo, ambao ni mfupi mno kwa mageuko ya viumbe, zimetokea takriban spishi 500 za fulu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba fulu hao walitokana na chotara wa koo mbili za kale, moja ya Kongo na nyingine ya Nile ya juu. Koo hizo zilileta jeni tofauti za macho: baadhi zilifaa maji maangavu, nyingine maji ya tope. Walipopata ziwa lenye makao tele, kila kundi lilibaki na mseto uliolifaa.

Mpangilio wa jeni nao una uzito. Mwaka 2025, watafiti wa samaki wa Ziwa Malawi walieleza kuhusu vipande vitano vikubwa vya kromosomu vilivyogeuka mbele nyuma. Kipande kilichogeuka hakibadilishani jeni kwa urahisi na kile ambacho hakikugeuka. Hivyo jeni zinazofaana hurithiwa kama fungu moja, hata samaki wanapozaana na spishi jirani.

Jibu la pili liko Ziwa Naivasha. Mwaka 1925 tilapia wa Mto Athi, mto unaopita Ukambani, alipandikizwa huko. Mwaka 1956 akaingizwa tilapia wa spishi nyingine. Wawili hao walizaana, chotara wakatapakaa, na kufikia mapema miaka ya 1970 yule wa Athi alikuwa ametoweka ziwani.

Somo hilo linaigusa Kitui, iliyo kati ya Athi na Tana. Tilapia wa Nile, anayependwa na wafugaji kwa kukua haraka, si mwenyeji wa mito hiyo. Mvua kubwa ikibomoa ukingo wa kidimbwi, vifaranga husombwa hadi mtoni. Ukingo imara na wavu kwenye mfereji wa kutolea maji huzuia hilo. Chotara akishaenea mtoni, hakuna wavu wa kumtenga.