Vumbi la Mkonge: Kiwanda Kimoja, Hatari Mbalimbali

Watu wengi huupima ubora wa kazi kwa mshahara peke yake. Hata hivyo, watu wawili wanaolipwa sawa katika shamba moja la mkonge huenda wakastaafu, mmoja akiwa mzima na mwingine akihema kwa shida.

Jani la mkonge hupita mikono mingi. Mkataji hushinda juani, akijihadhari na mwiba ulio nchani mwa jani. Kisha majani huingizwa katika korona, yaani mashine inayoyaponda na kuyakwangua hadi nyuzi zibaki. Kilo 100 za majani hutoa takriban kilo 4 tu za nyuzi kavu. Maji mengi hutumika hapo, hivyo vumbi ni haba, bali utomvu wa jani huwasha ngozi. Nyuzi zikishaanikwa hupelekwa kwenye mashine ya brashi. Hapo vumbi hutimka.

Chembe kubwa za vumbi hunaswa puani na kooni. Zile zisizozidi maikromita 5 hivi, yaani sehemu 5 za 1,000 za milimita, zaweza kufika hata kwenye vifuko vya hewa mapafuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1978 kuhusu wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania ulionyesha kuwa wa brashi waliathirika zaidi kuliko wasokotaji. Dalili mojawapo ya maradhi hayo ni kubanwa kifua siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko. Kwa hiyo ni rahisi mgonjwa kudhani kuwa ni uchovu tu.

Hesabu nazo zaweza kudanganya. Kibarua aliyeacha kazi kwa sababu ya kikohozi hayumo kiwandani siku ya kupimwa. Wakipimwa waliobaki tu, chumba cha brashi kitaonekana salama kuliko kilivyo.

Kinga bora huanzia penye chanzo: kulifyonza vumbi pale pale mashineni, na kulowanisha sakafu kabla ya kufagia. Barakoa ni msaada wa mwisho, wala si badala ya hayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humwajibisha mwajiri katika jambo hili.

Wanafunzi waweza kulichunguza vumbi wenyewe. Vipande viwili vya kioo vipakwe mafuta mazito, kimoja kiwekwe chini ya ubao wa chaki, kingine nyuma ya darasa, kisha vilinganishwe baada ya siku moja. Chumba ni kimoja, lakini hewa ya mwalimu si ile ya mwanafunzi wa nyuma.